Mabasi yanapoitwa kwa sababu ya taa: barua ya mtengenezaji inamfikia nani?

Miongoni mwa matangazo yanayotolewa kwa umma na NHTSA, mamlaka ya Serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa magari na barabara kuu, yapo yasiyovuta macho ya watu wengi. Kampuni inayounda mabasi ya jiji huarifu kwamba taa za mbele za baadhi ya mabasi yake zinaweza kuzimika ghafla, au zinatupa mwanga mahali pasipostahili, na kwamba inayaita mabasi hayo yarekebishwe bila malipo. Yakilinganishwa na miito ya magari madogo, ambayo hufika malaki na hata mamilioni, mabasi hayo huwa machache mno, na mara nyingi tangazo lenyewe hupita bila kuandikwa hata katika magazeti ya jiji yanakofanya kazi.

Uchache huo usimpotoshe msomaji. Basi moja la jiji hubeba watu wengi kwa wakati mmoja, hurudia njia ileile mara nyingi kwa siku, na huanza kazi kabla ya mapambazuko. Kasoro ya taa katika gari la familia humhusu dereva na wachache walio naye. Kasoro hiyohiyo ikiwa katika basi huwahusu abiria, waenda kwa miguu waliosimama kituoni gizani, na mwendesha baiskeli anayetegemea kuona taa za chombo kikubwa kinachomjia.

Kwanza ni vema neno lenyewe lieleweke. Gari “kuitwa” na mtengenezaji hakuna maana kwamba linanyang’anywa mwenyewe, wala kwamba linasafirishwa kurudi kiwandani lilikoundwa. Maana yake ni kwamba mtengenezaji amekiri, kwa maandishi na mbele ya mamlaka ya nchi, kuwa bidhaa yake ina kasoro inayohatarisha usalama au haikidhi kiwango cha kisheria, na kwamba gharama za kuirekebisha ni zake yeye. Mara nyingi kazi yenyewe ni ndogo: kubadilisha kiunganishi cha waya, kuweka kifaa kipya cha kudhibiti umeme, kurekebisha programu ya kompyuta ya basi, au kufunga taa nyingine kabisa. Uzito wa jambo uko katika kukiri na katika nani analipa.

Nchini Marekani wajibu huo una mizizi katika Sheria ya Taifa ya Usalama wa Barabarani na wa Magari iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson Septemba 1966. Kabla ya hapo mjadala wa ajali ulimwelekea dereva karibu peke yake: alikuwa mlevi, alikuwa na haraka, alisinzia. Sheria ile ilimleta mtengenezaji mezani. Kwa utaratibu unaotumika sasa, kampuni ikishabaini kasoro ya usalama ina siku 5 za kazi kuiarifu NHTSA, kisha ndani ya siku 60 iwaandikie wamiliki barua za posta inayoeleza hatari ni ipi, dalili zake ni zipi na gari lipelekwe wapi. Baada ya hapo kampuni hutoa taarifa kila robo mwaka kuhusu idadi ya magari yaliyokwisha kurekebishwa. Haki ya matengenezo ya bure hudumu miaka 15 tangu gari liliponunuliwa mara ya kwanza.

Taa zina kiwango chao, Kiwango cha Shirikisho Na. 108, ambacho huamua rangi ya taa, mahali pa kuzifunga, na kiasi cha mwanga unaoruhusiwa kwa kila pembe. Hapa ndipo wengi hushangaa. Taa ya mbele inaweza kuwa inawaka vizuri na bado ikawa na kasoro kisheria. Mwanga wa chini, ule ambao madereva huuita dimu, umekatwa kwa makusudi: chini ya mstari fulani uwe mwingi, juu ya mstari huo uwe hafifu, ili dereva aone barabara bila kumpofusha anayekuja. Taa iliyolegea kidogo kwenye kishikio chake, au ambayo kioo chake cha ndani kina umbo lisilo sahihi, huvunja mpango huo wote ingawa mwenye gari akiitazama usiku ataona inang’aa kuliko za jirani na pengine atafurahi.

Mfano ulio wazi ni wa gari aina ya GMC Terrain lililoundwa na General Motors kati ya mwaka 2010 na 2017. Taa zake zilikuwa na mwako wa pembeni uliorushwa juu kwa kiwango kilichozidi kinachoruhusiwa. Kampuni iliomba isilazimishwe kuyaita magari hayo kwa hoja kwamba kasoro ilikuwa ndogo mno kuathiri usalama. NHTSA ilikataa, na mwaka 2022 magari zaidi ya 740,000 yakaitwa. Uamuzi ule una funzo kwa yeyote anayedhani kuwa mamlaka husubiri watu wafe ndipo zichukue hatua. Kilichotazamwa ni kipimo cha kiwango, wala haikuhitajika orodha ya majeruhi.

Mfano wa pili ni wa aina tofauti. Mwaka 2014 kampuni hiyohiyo iliita zaidi ya magari 300,000 ambayo kifaa chake cha kuongoza umeme wa taa kiliweza kupata joto kupita kiasi na kuuzima mwanga wa chini, mara kwa muda na mara moja kwa moja. Mwanga wa mbali haukuguswa na hitilafu hiyo. Dereva aliyekumbwa nayo alibaki na machaguo mawili, yote mabaya: aendeshe gizani, au awashe taa kubwa na kuwapofusha wote wanaomjia.

Hitilafu ya namna hiyo ndiyo inayotia wasiwasi zaidi katika mabasi ya leo. Katika basi la zamani umeme ulitoka kwenye betri, ukapita kwenye swichi, fyuzi na rilei, ukafika kwenye globu. Fundi mwenye kipima umeme aliweza kuufuata waya kwa mkono hadi mahali ulipokatika. Katika mabasi mengi ya kisasa swichi ya dereva haipeleki umeme kwenye taa. Inapeleka ujumbe kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua kuiwasha. Mpangilio huo umepunguza uzito wa nyaya na umerahisisha mambo mengi, lakini umeleta udhaifu ambao haukuwapo: sehemu moja ikigoma, taa zote mbili zinaweza kuzimika kwa pamoja. Globu mbili kuungua katika dakika moja ni jambo adimu sana. Kompyuta moja kupata hitilafu, au maji kuingia katika kiunganishi kimoja kilicho chini ya basi linaloogeshwa kila usiku, si adimu kiasi hicho. Wala fundi wa karakana hawezi kuiona kasoro ya programu kwa macho. Ni mtengenezaji pekee, mwenye taarifa kutoka karakana nyingi, anayeweza kutambua kwamba malalamiko matano yaliyotoka miji mitano ni ugonjwa mmoja.

Kwa upande mwingine, basi la jiji lina bahati ambayo gari dogo halina. Soko la mabasi makubwa ya jiji katika Amerika Kaskazini limeshikwa na waundaji wachache: New Flyer, yenye makao yake Winnipeg nchini Kanada, Gillig ya California, na Nova Bus ya Quebec iliyo chini ya kundi la Volvo. Wanunuzi nao ni wachache, kwa kawaida mamlaka za usafiri za miji, na kila moja ina karakana, mhandisi, na daftari la kila basi. Mtengenezaji anapoandika barua, anajua inakwenda kwa nani na mabasi yamelala wapi usiku huo. Fundi wake anaweza kufunga safari hadi kituoni na kurekebisha mabasi 20 yakiwa yamepangwa kwa safu. Mwenye gari dogo hutupa barua, huhama nyumba, huuza gari kwa mtu asiyefahamika. Ndiyo maana miito ya magari madogo haifikii asilimia 100 hata baada ya miaka mingi, na sheria ya Marekani haimlazimishi mwenye gari binafsi kulipeleka.

Tatizo la mamlaka ya usafiri ni jingine: asubuhi abiria wanasubiri. Basi lililoitwa kwa sababu ya taa haliwezi kutoka saa 11 alfajiri, lakini pengine linaweza kutoka saa 3 jua likiwa limepanda. Wasimamizi wa safari hulazimika kupanga upya nani anatoka lini. Wakala wa shirikisho unaogharimia sehemu kubwa ya ununuzi wa mabasi hayo, FTA, huzitaka mamlaka zenye mabasi 50 au zaidi zisiwe na mabasi ya akiba yanayozidi asilimia 20 ya yale yanayohitajika saa za msongamano. Kanuni hiyo inazuia fedha za umma kulala uani. Hata hivyo, ikitokea theluthi ya mabasi ni ya toleo moja na toleo hilo lina kasoro moja, asilimia 20 haitoshi kuziba pengo. Kununua mabasi ya aina moja hupunguza gharama za vipuri na mafunzo ya mafundi. Siku ya mwito wa usalama, uamuzi huohuo huonesha upande wake wa pili.

Kuna pia suala la umri. Basi kubwa la jiji lililonunuliwa kwa fedha za shirikisho nchini Marekani hutarajiwa kutumika angalau miaka 12 au maili 500,000, yaani takriban kilomita 800,000. Huo ndio muda wa chini tu. Baada ya hapo basi laweza kuuzwa kwa mnada, likaenda kwa kanisa, kwa shule, kwa kampuni ya kusafirisha vibarua mashambani. Hapo ndipo mnyororo uliokuwa imara hulegea. Barua ya mtengenezaji itakwenda kwa mwenye jina kwenye daftari, na jina kwenye daftari si lazima liwe la aliyeshika usukani.

Jambo hili linaihusu Tanzania moja kwa moja, ingawa mabasi ya Winnipeg na California si yale yanayoonekana Ubungo au Msamvu. Juni 2023 Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni Dodoma kuondolewa kwa zuio la mabasi ya abiria kusafiri usiku, zuio lililodumu kwa miaka mingi, na Oktoba mwaka huo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ikaanza kusimamia ratiba za saa 24. Uamuzi huo umewapunguzia wananchi gharama za kulala njiani, umemrahisishia mfanyabiashara kufika Kariakoo asubuhi na kurudi jioni, na umeliweka suala la taa mahali lisilokuwapo awali. Zamani taa mbovu ya basi la mkoani ilikuwa kero ya alfajiri na magharibi. Sasa ni chombo cha kazi kwa usiku mzima, kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwendo wa juu wa basi la abiria ni kilomita 80 kwa saa, ambao ni sawa na mita 22 hivi kwa kila sekunde. Dereva aliye macho na makini huchukua takriban sekunde moja na nusu tangu aone kitu hadi mguu wake ukanyage breki. Basi limekwisha kusogea mita 33. Breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji karibu mita 50 nyingine. Kwa hiyo anahitaji kuona kitu kikiwa mita 80 mbele yake, na hapo hajakumbana na mvua, mteremko wala tairi lililochakaa. Mwanga wa chini, hata ukiwa mzima, mara nyingi haumwoneshi mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi katika umbali huo. Basi lenye taa moja, au lenye taa mbili zilizofifia kwa kioo kilichopauka jua, linatembea kwa kukisia. Mfumo wa LATRA wa kufuatilia mabasi huonesha mwendo wake na mahali lilipo. Haujaundwa kuonesha kama taa ya kushoto inawaka.

Sehemu ya magari ya abiria nchini, hasa yale ya kati kama Toyota Coaster na Mitsubishi Rosa, hununuliwa yakiwa yametumika nchini Japani. Japani nayo ina utaratibu wa miito tangu mwaka 1969, chini ya wizara yake inayohusika na ardhi, miundombinu na uchukuzi. Historia yake imepita katika njia chungu, na jina linalohusika linajulikana hadi vijijini. Januari 2002, katika mji wa Yokohama, gurudumu la lori lililoundwa na Mitsubishi lilichomoka, likamuua mama aliyekuwa akipita kwa miguu na kuwajeruhi watoto wake wawili. Kampuni ilieleza kwamba tatizo lilikuwa matunzo mabaya ya wenye magari. Miaka miwili baadaye Mitsubishi Fuso, iliyokuwa imeshatengwa kuwa kampuni yake yenyewe, ilikiri kwamba kasoro ilikuwa katika kitovu cha gurudumu, yaani katika usanifu. Maofisa wa zamani wa kampuni walitiwa hatiani mahakamani. Mwaka 2000 Mitsubishi Motors ilikuwa tayari imekiri kuficha malalamiko ya wateja kwa zaidi ya miaka 20.

Kisa hicho kinastahili kukumbukwa kila inaposemwa kwamba chanzo cha ajali ni “ubovu wa gari”. Neno ubovu lina pande mbili. Upo ubovu unaotokana na mwenye gari kutobadilisha globu, na upo ubovu ambao gari lilitoka nao kiwandani. Wa kwanza unamhusu mmiliki na askari wa usalama barabarani. Wa pili hauwezi kutatuliwa kwa faini. Dereva akitozwa kwa taa inayozimika yenyewe kwa sababu ya kifaa chenye kasoro, atanunua globu mpya, taa itawaka kwa wiki moja, kisha itazimika tena akiwa katikati ya pori.

Gari likitoka Japani huacha nyuma yake anwani ya mmiliki wa mwisho wa huko. Barua ya mwito itakayoandikwa baadaye itakwenda Osaka au Nagoya, wakati gari liko Singida. Hata hivyo namba ya chasisi haibadiliki. Watengenezaji wa Japani, pamoja na wizara yao, wana kurasa za intaneti ambazo mtu akiingiza namba hiyo huoneshwa kama gari lina mwito na kama matengenezo yalifanyika. Ni vema ieleweke kuwa magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japani hayatumii namba ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Marekani na Ulaya. Yana namba fupi yenye kistari katikati, na ukurasa wa Marekani hauwezi kuisoma. Mnunuzi anayeingiza namba hiyo mahali pasipo pake na kupata jibu kwamba hakuna kumbukumbu asidhani ameambiwa kuwa gari ni salama.

Mabasi makubwa ya mikoani kwa sehemu kubwa hutoka China, yakiwa mapya, kupitia mawakala walioko nchini. Hapo njia ni fupi zaidi, kwa kuwa kuna muuzaji anayefahamika, mwenye orodha ya aliowauzia. China ina kanuni yake ya miito ya magari iliyoanza kutumika Januari 2013. Kanuni ya nchi moja, hata hivyo, hulinda kwanza soko la nchi hiyo, na swali la iwapo basi lililouzwa nje litapata matengenezo sawa na lililobaki nyumbani hutegemea sana mkataba wa mauzo na msukumo wa mnunuzi.

Swali hilo si la kinadharia. Kabla matairi ya Firestone hayajaitwa nchini Marekani Agosti 2000, yakikadiriwa kuwa milioni 6.5 yaliyokuwa bado barabarani, kampuni ya Ford ilikwisha kuanza kubadilisha matairi kwenye magari yake nchini Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba. Wateja wa Riyadh walipata matairi mapya. Wa Texas hawakuambiwa. Bunge la Marekani lilighadhibika, na sheria iliyopitishwa mwaka huohuo ikaweka sharti kwamba mtengenezaji akiita magari katika nchi yoyote ya kigeni, na magari ya namna hiyohiyo yakawa yanauzwa Marekani, lazima aiarifu NHTSA ndani ya siku 5 za kazi. Taifa tajiri lilihisi kuachwa nyuma, likaamua kudai kwa sheria lipewe habari. Nchi zinazopokea magari yaliyotumika zina sababu nyingi zaidi za kudai hivyo.

Vyombo vya kuanzia vipo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, iliyoanzisha Tume ya Ushindani (FCC), inamlinda mlaji na inagusa usalama wa bidhaa. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lina dhamana ya ubora wa bidhaa zinazoingia. LATRA inajua kila basi lenye leseni liko katika njia gani. Mamlaka ya Mapato Tanzania inayo namba ya chasisi ya kila gari lililosajiliwa, kwa kuwa ndiyo inayolisajili. Jeshi la Polisi, kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani, hukagua magari. Habari zinazohitajika kumfikia mmiliki wa basi lenye kasoro zimo tayari ndani ya ofisi za umma, kila moja ikiwa na kipande chake. Kuviunganisha vipande hivyo kungegharimu kidogo kuliko mtambo wowote mpya wa ukaguzi, na huenda pamoja na hayo kukafaa zaidi.

Japani ilionesha namna mojawapo ya kuupa mwito meno. Kuanzia Mei 2018, magari yenye mifuko ya hewa ya Takata ya aina iliyoonekana kuwa hatari zaidi hayakuruhusiwa kupita ukaguzi wa lazima mpaka yarekebishwe. Barua iliyopuuzwa mara nne ilipata uzito mara gari lilipokataliwa kibali. Hatua kama hiyo inahitaji uangalifu mahali ambapo vipuri huchukua miezi kufika, kwa sababu mwenye daladala moja hawezi kuiegesha miezi mitatu akisubiri kiunganishi cha waya kutoka ng’ambo. Kwa kasoro zinazozima taa au breki, lakini, ni vigumu kuona kwa nini basi lipewe njia ya usiku kabla halijarekebishwa. Lingeweza kuendelea na safari za mchana.

Kuna jambo moja ambalo mwito wa mtengenezaji hauwezi kulitatua, nalo ni taa iliyobadilishwa mtaani. Mabasi mengi hutumia umeme wa volti 24, na globu yake ya kawaida ya aina ya H4 ina wati 75 kwa mwanga wa mbali na 70 kwa mwanga wa chini. Fundi anayeweka globu yenye nguvu zaidi ili “basi lione mbali” hupasha joto waya na kishikio ambavyo havikuundwa kwa mzigo huo. Plastiki hulainika, mguso hulegea, na taa huanza kuzimika kila basi linapopita kwenye tuta. Anayeweka taa za LED za bei nafuu katika kioo kilichosanifiwa kwa globu hupata mwanga mweupe mwingi unaotawanyika ovyo. Kosa la tatu halionekani kabisa mchana. Katika nchi zinazoendesha kushoto, kama Tanzania, mwanga wa chini hupandishwa kidogo upande wa kushoto ili kuonesha ukingo wa barabara. Taa iliyoundwa kwa nchi zinazoendesha kulia, ikinunuliwa kama kipuri na kufungwa hapa kwa kuwa umbo lake linafanana, hupandisha mwanga huo kulia, machoni kwa anayekuja. Basi lililofanyiwa mabadiliko ya namna hiyo linaweza kumfanya mtengenezaji akatae madai ya kasoro, hata kama kasoro ilikuwapo tangu mwanzo.

Kwa mmiliki anayetaka kujua mahali alipo, hatua ya kwanza haihitaji fedha. Aisome namba ya chasisi kwenye bamba la gari lenyewe na kuilinganisha na kadi ya usajili, kisha aitafute katika ukurasa wa mtengenezaji au amtake wakala aliyemuuzia amjibu kwa maandishi kama kuna mwito wowote ambao haujatekelezwa. Anayenunua basi lililotumika afanye hivyo kabla ya kulipa, wakati muuzaji bado ana sababu ya kujibu simu. Karakana nayo iandike katika daftari la basi tarehe ya kila taa iliyozimika na sababu iliyopatikana, kwa kuwa globu iliyobadilishwa mara tatu kwa mwezi mmoja upande uleule ni taarifa ambayo fundi mmoja huisahau, lakini daftari huihifadhi.

Abiria ana nafasi yake. Anayepanda basi saa 2 usiku anaweza kupita mbele yake kabla ya kupanda na kuona kama taa zote mbili zinawaka. Asiporidhika, amweleze dereva au wakala wa kituo, na likiwa halijarekebishwa, awasilishe malalamiko LATRA akitaja namba ya usajili wa basi, njia, na saa ya kuondoka. Malalamiko yenye mambo hayo matatu huweza kufuatiliwa hadi basi husika, na yakikusanyika kutoka vituo mbalimbali kuhusu toleo moja la basi, mamlaka inakuwa na jambo la kumwandikia mtengenezaji.